Ukuta wa Nyuma ya Jiko

3 Machi

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Na kile kifua? Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananisumbua. Anayeniandikia na kunisomea ni jirani yangu fundi cherehani. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambie.

Sasa, ule ukuta mlioujenga wewe na wenzako kuzuia kilima nyuma ya jiko langu. Kule chini kwenye msingi, pale zege la Jumamosi lilipokutana na la Jumatatu, maana mashine ya kuchanganyia iliwaharibikia mkanimalizia chai yote, panatoka maji. Mstari umenyooka kama pindo la sketi. Majirani wanasema nihame kabla ya mvua. Nihamie wapi na kuku wangu? Wewe ndiye fundi. Nikae au niondoke?

Mama yako

14 Machi

Shikamoo mama,

Sijambo, kifua kimepoa. Zege la Jumamosi na la Jumatatu hayakushikana. Tafuta fundi achimbe mpaka msingi uonekane, achonge palipolegea mpaka akute pagumu, asugue kwa brashi ya waya, alowanishe, apake rojo la saruji, na kabla halijakauka ashindilie zege jipya. Kisha agandishe kipande cha kioo kishike pande zote mbili za kiungo, pale zege mbili zinapokutana. Kioo kikipasuka, ukuta unatembea: hama siku hiyo hiyo. Kikiwa kizima, kaa.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Umeamkaje huko? Huku mvua haitupi nafasi. Fundi alikuja, mlafi yule, lakini kazi anaijua, kafanya yote uliyosema. Kioo kizima! Kila asubuhi nainama nakiangalia. Basi nakaa, na majirani nimewaziba midomo.

Ila nimenenepa, mwanangu, na wala sili kitu! Kati ya jiko na ukuta nilikuwa napita na beseni kiunoni. Sasa napita ubavu ubavu, na jana gauni lilinasa huku na huku. Huyu fundi cherehani kanipima, eti nimepungua. Nimemwambia futi yake imechakaa. Anacheka hapa, lakini kicheko chenyewe hakina raha. Na kuku hawataki tena kulala jikoni. Wanasimama uani wanautazama ukuta, kimya.

Mama yako

9 Aprili

Mama,

Salamu baadaye. Hujanenepa. Kiungo kimeshika, ndiyo maana kioo hakipasuki: ukuta wote unateleza pamoja na msingi wake. Fundi cherehani, acha kusoma. Mshike mkono mtoke.

Mwanao

17 Aprili

Mwanangu,

U salama? Mimi nipo kwa fundi cherehani. Alinivuta hata viatu sikuvaa. Kumbe ana nguvu, mtu wa kushika sindano! Kuku wote wapo.

Ukuta haukuanguka. Ungeanguka ningelia yakaisha. Umesimama wima vilevile, hauna hata ufa, na matofali ya jiko yanalala mbele yake moja moja. Umeingia taratibu kama mgeni asiyepiga hodi. Jana ulikuwa kwenye jiko la mkaa. Leo umefika mlango wa chumba changu.

Wewe uliyeujenga, niambie: unakwenda wapi?

Mama yako