Marehemu Kwenye Foleni ya Posho

Mtaa wa Reli,
Tororo.
11 Juni 2025

Mpendwa kaka Emmy,

Nakusalimu wewe, wifi Sylvia na watoto wote wawili. Mko wazima huko? Baridi ya Limuru imewashika vipi mwezi huu wa sita? Sisi hapa tunapumua. Phiona wangu mdogo ameota meno mawili na ananyonya mpaka mgongo unaniuma. Mkubwa alikuwa na malaria, sasa anakula. Mume wangu Engole bado anapakia mizigo Malaba, anarudi Jumamosi amechoka kama gunia lenyewe. Mimi ni mzima wa kusimama tu, lakini nasimama.

Na mguu wako je? Hilo la mguu si swali langu, mwenye swali utamwona mbele.

Naandika kwa karatasi kwa sababu simu yangu umeizuia. Nimejaribu kwa simu ya Engole, nimejaribu kwa simu ya Babra tunayesali naye, ukisikia sauti yangu unakata. Basi barua hii inakuja na dereva wa lori anayeshusha mahindi huko kwenu. Nimemwambia ampe yeyote atakayefungua mlango. Na nimeandika Kiswahili makusudi, ili wifi Sylvia aisome kwa macho yake. Kidhopadhola chetu ungemfasiria unavyotaka wewe. Kiswahili changu ni cha soko la Busia na shule niliiachia la saba, mtanivumilia.

Wifi, inawezekana hujaambiwa. Baba mkwe wako Ofwono, yule ambaye ulipelekwa kupiga magoti kwenye kaburi lake Sop Sop siku ulipoletwa nyumbani, yuko hai. Analala kwenye bustani ya katikati ya mji hapa Tororo. Nilimpigia mumeo wiki tatu zilizopita kumwambia. Akanijibu, "Achola, baba yangu nilimzika. Usinifufulie watu." Tangu hapo simu haipiti.

Ngoja nieleze nilivyomwona, msije mkasema ni tapeli.

Sisi akina mama wa kanisa tunapika chakula cha watu wanaolala bustanini, kila Jumanne na Ijumaa. Ni Babra aliyeanzisha, baada ya bibi mmoja aliyefukuzwa kwao eti ni mchawi kukutwa amekufa kwenye benchi. Watu walimpita mpaka saa nne asubuhi wakidhani amelala. Tunasonga posho, ndio ugali wenu, kwenye sufuria ile ya harusi, tunaisukuma kwa toroli mpaka pale. Sahani hatuna. Kila mtu anakuja na chombo chake: kopo la rangi, kitako cha jerikeni, mwingine kofia ngumu ya ujenzi. Wako wapakiaji waliovunjika migongo, wako wazee, wako wanawake na watoto wao, wako vichaa wawili wenye adabu kuliko wenye maduka ng'ambo ya barabara. Hao wa madukani wanatupigia kelele, "Nyinyi ndio mnawaleta! Mnafuga watu kama kuku!" Babra naye hanyamazi. Anawaambia, "Kuku ungemfungia ndani asinyeshewe."

Anayepanga foleni ni Rasto, mtu mzima aliyekuwa utingo wa malori mpaka tajiri wake akamwacha hapa na gari likaendelea. Mimi ndiye mpakuaji.

Na hapa nakiri kosa langu kabla sijafika kwenye lako. Mpakuaji haangalii nyuso, anaangalia makopo. Mwiko mmoja wa posho, upawa wa maharage, haya, wa nyuma. Nilimpakulia baba yako Ofwono, baba mdogo wangu, tangu Machi mpaka Mei, labda mara ishirini, mtu aliyenibeba mabegani nikiwa na surua, na sikumtazama usoni hata siku moja. Kopo lake nililijua. La bluu, mdomo umebonyea. Mwenye kopo simjui.

Ijumaa moja Phiona alikuwa mgongoni analia, na mwenye kopo la bluu hakuondoka. Alikata tonge la kwanza, akalipuliza, akalinyoosha juu ya bega langu ampe mtoto. Kaka, unajua vizuri ni nani katika ukoo wetu ambaye tonge la kwanza halijawahi kuingia kinywani mwake. Tulipigana viwiko wewe na mimi kukaa karibu naye kwa ajili ya tonge hilo. Niligeuka. Mwiko ukaanguka kwenye maharage. Ndevu zote nyeupe, meno ya pembeni hakuna, lakini ni yeye. Nikasema, "Baba?" Akasema, "Nilikujua tangu siku ya kwanza, mwanangu. Nikaona una kazi."

Lori lile alilosafiri nalo liliungua kweli huko Kongo, hawakutudanganya. Yeye walimvuta nje. Akalala hospitali, akapona, akafungwa kwa kukosa vitambulisho, akatoka, akaanza kurudi kidogo kidogo, anafanya vibarua anatembea. Miaka mingi. Mwaka jana alifika Sop Sop. Alisimama njiani, akaona kaburi la saruji lenye jina lake, na pembeni nyumba ya mabati mekundu yenye madirisha sita. Akamuuliza mwanamke aliyekuwa anatoka kisimani nyumba ile ni ya nani. Yule akamwambia ni ya Emmy, mtoto wa marehemu. Akageuka. Anasema aliona umefika mbali maishani, hakutaka kukurudisha nyuma.

Wifi, wewe ni wa kwingine, acha nikueleze la kaburi. Maiti haikupatikana, na wazee wakasema mtu asiyezikwa anawazuia watoto wake kuoa. Basi tukakata mgomba, tukauvika shati lake, tukauzika. Mwezi uliofuata ndipo mkaoana. Mimi nililia na wenzangu, nikala nyama ya ng'ombe wa matanga, nikaongezewa mchuzi. Simlaumu mtu kwa mazishi yale. Hatukujua. Kaka, nakulaumu kwa leo, kwa sababu leo unajua.

Nilipanda mpaka Sop Sop kumwona mzee wetu wa ukoo, Oketcho, mtoto mgongoni, jua kichwani. Hakunificha. Mtu mwenye kaburi nyumbani haingii lango akiwa hai mpaka kaburi lifunguliwe. Achinjwe kondoo, mgomba utolewe uchomwe, shimo lifukiwe, ndipo aingie akanywe maji. Kazi ya nusu siku. Lakini anayefungua ni yule aliyetupa udongo wa kwanza. Na udongo wa kwanza ulitupa wewe, Emmy. Nikasema basi nitafungua mimi. Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Wewe umeolewa kwa Wateso, binti. Utafungua kaburi la nani?"

Msiniulize kwa nini simlazi kwangu. Chumba ni kimoja, pazia katikati. Yeye ni baba mkwe wa Engole, na mkwe halali chumba alimo binti yake na mumewe, kwao Engole hivyo na kwetu hivyo. Engole akimwona bustanini anapita nyuma ya vyoo wasikutane uso kwa uso. Nilimwomba baba mdogo basi alale barazani. Akakataa. Alisema akilala barazani kwangu, kila anayepita atauliza kwao ni wapi. Bustanini hakuna anayemuuliza mwenzake kwao.

Hata hivyo habari haifichiki. Walipoisikia, bustani nzima ikaanza kumwita Marehemu. Rasto anapiga kelele, "Marehemu, sogea bwana, wanaoishi wana njaa!" Naye anajibu, "Mimi nilikufa mara moja. Wewe unakufa kila Jumatatu." Jumatatu ni siku ya tatu tangu posho ya Ijumaa. Foleni nzima inacheka, na mimi nacheka huku napakua. Nikifika nyumbani nasugua masizi ya sufuria ile na machozi yanaingia ndani.

Sasa sikilizeni kwa nini naharakisha. Wiki iliyopita wanaosimamia bustani walibandika tangazo langoni. Kuanzia tarehe moja mwezi wa saba hakuna kugawa chakula mle ndani, na hakuna kulala. Wanapanda maua. Aliyekuja kubandika alitusomea kwa sauti, kwamba bustani ni mahali pa wananchi kupumzika. Rasto akamuuliza, "Mheshimiwa, kuna anayepumzika kuliko sisi?" Hakucheka. Tunasikia wasioondoka watapakiwa kwenye lori na kushushwa mbali, huyu hapa, yule kule. Baba yako ana miaka sitini na nne na kikohozi cha kifua. Akishushwa huko, kurudi kwa miguu hataweza tena. Utakuwa umemzika mara ya pili, kaka, na mara hii hatutakuwa na la kusema kwamba hatukujua.

Najua unachoogopa. Si laana. Kondoo yupo, nimemtoa mimi, anakula majani ya Babra. Unaogopa nyumba. Baba akiingia lango lile, ardhi ina mwenyewe, na wewe unakuwa mtoto tena. Basi na uwe mtoto. Madirisha sita na hakuna anayechungulia hata moja, panya ndio wenye nyumba. Funguo zimening'inia Limuru, na mwenye shamba analala na gazeti kifuani. Wifi Sylvia, nakuomba wewe pia: msukume. Wewe ndiye mkaza mwana wake, na hujawahi kumwandalia hata chai.

Mzee Oketcho ameshawaambia watu. Siku ya kufungua kaburi ni Jumamosi, tarehe 28 mwezi huu. Limuru si Ulaya. Ukipanda gari Ijumaa jioni, asubuhi uko Malaba, Engole atakupokea. Usipokuja, Jumapili nitakwenda mwenyewe na jembe, nikifukuzwa nifukuzwe, likinipata la kunipata linipate. Lakini wazee watasema haikuhesabika, na watakuwa wanasema kweli. Mkono unaotakiwa ni wako.

Nimekuandikia kwa hasira na sitaifuta. Wewe ndiye uliyenifundisha kuendesha baiskeli, ndiyo maana hasira ni nyingi hivi. Kwa mtu baki ningenyamaza.

Engole anawasalimu. Babra anawasalimu bila kuwajua. Shangazi Nyafwono, ambaye sasa haoni vizuri, anasema umletee sabuni ile ya harufu, na uje nayo mwenyewe. Wabusu watoto, na waambie kwamba wana babu. Mungu aiweke nyumba yenu katika amani, awape usingizi mzuri wote. Wewe tu, kaka, akukoseshe kidogo mpaka tarehe hiyo.

Jana tulipomaliza kugawa nilimuuliza baba mdogo kama ana salamu za kutuma kokote. Sikumwambia nakuandikia. Alilamba kopo lake, akasema marehemu hatumi salamu. Nikashika toroli yangu. Nilipofika langoni akaniita, nikarudi. Akaniuliza kama ule mguu wako uliovunjika, ule aliokupeleka nao hospitali kwa baiskeli usiku kucha mvua ikinyesha, bado unakuuma baridi ikija.



Mimi dada yako, ninayekupenda na kukukasirikia,
Achola