Gitaa la Sauti ya Chini

Ubelgiji,
Ijumaa usiku.

Kwa Mama, Butere.

Mulembe Mama. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia bado ipo, au umeshawagawia akina mama wote wa kanisani? Na miwa ya kule bondeni, walikuja kuikata au mpaka leo mnangoja trekta? Mimi ni mzima wa mwili. Baridi ya huku imeingia kwenye mifupa na sidhani ina nia ya kutoka, lakini sikuandikii leo kwa ajili ya baridi.

Nakuandikia kwa ajili ya Ayuma. Hii ni wiki ya saba mwanao wa kike hajakanyaga nyumbani. Jumatatu mpaka Ijumaa anachomelea mageti pale Kakamega mjini kama kawaida, na Jumamosi, badala ya kuja kwako, anakwenda Ekero kwa Senge Rosa, dada yake Baba, kulala kwenye kochi. Senge ndiye aliyeniambia. Wewe kila nikikuuliza kwenye simu unajibu, "Ayuma ako tu." Yuko tu wapi, Mama? Ulimwambia asirudi kwako mpaka ajifunze kusema ukweli, na gitaa nililomtumia limelala nyuma ya kabati lako shingo imevunjika. Nina hasira. Wiki nzima nimetafuta maneno ya heshima nikayakosa, kwa hiyo utanivumilia.

Kwanza nikueleze gitaa lile lilivyopatikana, maana hukuwahi kuniuliza. Unajua nafanya kazi kwenye bohari ya vyombo vya muziki. Nasikia huko kanisani unawaambia watu kwamba Ambani yuko Ulaya kwa mambo ya muziki. Tafadhali acha. Mimi ni mfungaji wa maboksi. Tangu asubuhi magitaa yanapita mikononi mwangu, nayaviringisha karatasi, nayatia kwenye boksi, nabandika anwani ya mtu mwingine. Kugusa hata uzi mmoja usikike hairuhusiwi, na mwenzangu mmoja aliyejaribu alipewa barua ya onyo. Ndiyo kazi yangu, mimi niliyekuwa nikilala na gitaa la marehemu Baba kitandani nikiwa darasa la sita, mpaka siku uliyolipeleka kwa mjomba ili nisome vitabu. Nilisoma vitabu, Mama. Unaona vilikonifikisha.

Sasa Ayuma na wenzake wanapiga metali. Ni muziki mzito, wa kushusha gitaa chini sana kuliko gitaa la kwaya, mpaka kifua kinatetemeka. Alikuwa na gitaa la kuazima, la kawaida, akawa anazilegeza nyuzi zake zishuke. Akanitumia sauti walizorekodi. Ilikuwa aibu tupu. Nyuzi nyembamba ukizilegeza kiasi hicho zinakuwa kama kamba ya kuanikia nguo: ukipiga kwa nguvu zinapepea, zinagonga vyuma vya shingoni, na sauti inayumbayumba kabla haijatulia. Yeye akadhani ni mkono wake mbovu. Karibu aache.

Hapa kazini yupo fundi mmoja Mreno, mzee, anayekagua magitaa yanayorudishwa na wateja. Nikampelekea ile sauti. Alisikiliza kidogo akatikisa kichwa, akaniambia mkono wa huyu dada hauna kosa. Anataka vitu viwili tu, shingo ndefu na nyuzi nene. Uzi ukiwa mrefu na mnene unaweza kushuka chini kabisa na bado ukabaki umekaza. Nikangoja. Miezi mitatu nilikuwa nachungulia kila gitaa linalorudi, mpaka likaja moja jeusi, lenye shingo ndefu na mkwaruzo mgongoni. Yenye mikwaruzo wafanyakazi tunaruhusiwa kuyachukua.

Tulibaki na fundi baada ya kazi. Akavua nyuzi zilizokuwapo, tukavalisha zile nene, ule wa juu kabisa unene wake kama msumari mdogo. Akachukua tupa, akapanua vijia vinavyopitisha nyuzi pale kichwani, kwa sababu uzi mnene ukiuingiza kwenye njia ya uzi mwembamba unakwama na kukwaruza. Ndani ya shingo kuna ufito wa chuma. Akaukaza robo mzunguko, akachungulia, akaukaza tena kidogo. Nyuzi nene zikishuka zinaivuta shingo sawasawa na nyembamba zikiwa juu, na shingo haioni tofauti. Lakini ukichukua zile nene ukazipandisha kwenye sauti ya nyembamba, utaivunja. Fundi alinirudia hilo mara mbili. Halafu akafunga mlango akanipa nilipige. Nilipiga dakika mbili hivi, Mama, na sikuona haya kulia mbele yake.

Kisha nikakupigia simu. Nadhani unakumbuka.

"Ambani, hiyo gitaa yenye unatumia huyu msichana, itakuwa inapiganga kelele hapa kwangu?"

"Hapana, Mama. Hiyo ni gitaa ya sauti ya chini."

"Ya chini kabisa?"

"Chini kabisa. Hakuna ingine iko chini kuliko hiyo."

"Basi tuma. Mimi sikatazangi mtu kuimba. Mimi nakatazanga kelele."

Jioni ileile nikampigia Ayuma nikamwambia, "Mama amekubali." Akaniuliza, "Mama mwenyewe? Amekubali aje?" Nikamwambia amekubali tu, gitaa liko njiani, jiandae. Alilia kwa furaha, na mimi nikajiona kaka wa maana.

Yaliyofuata nimesimuliwa na Senge. Ayuma alilileta gitaa nyumbani Jumamosi, pamoja na spika kubwa aliyoazima mjini. Hakuja kwa kujificha. Alikuta mko na akina mama wa kanisani kwenye kibaraza, akawaamkia wote, akaandaa vitu vyake, akasema anataka Mama awe wa kwanza kusikia. Akapiga. Senge anasema vikombe vilitembea juu ya meza na kuku walitoka mbio hadi kwenye miwa. Mke wa mzee wa kanisa akaanza kukemea mapepo. Na wewe ukasimama katikati ya wageni wako ukapiga kelele, "Si mlisema sauti ya chini!" Ayuma hakujua unazungumza nini. Ulimwita mwongo mbele ya watu wale wote, ukamtoa na nguo alizovaa.

Hiyo haikukutosha. Ukamwita mwalimu wa kwaya aje aone kama gitaa linaweza kufaa kanisani. Akalishika, akasema, "Hii imelegea, ndiyo maana inanguruma. Huyu msichana hajui hata kutuni." Akakaa kando ya kinanda chenu akaanza kulikaza lifuate noti za kinanda. Nyuzi nene zile, Mama! Akakaza, akakaza. Uzi mwembamba kuliko wote ukakatika, akadhani ni mbovu, akaendelea na zilizobaki. Shingo ikapinda kama upinde, halafu ikapasuka pale inapoungana na kichwa. Senge anasema ulisema, "Afadhali." Hilo neno limenikaa kooni. Mwalimu hakujua, namsamehe. Lakini wewe uliona kitu kilichotoka kwa mwanao kinapasuka ukasema afadhali, kama siku ile ya gitaa la Baba.

Leo ni Jumapili, na nilikuwa nimeandika mpaka hapo juzi. Nilitaka kumaliza kwa maneno makali, niitie barua sahihi, niipeleke posta. Jana Ayuma akanipigia. Nikaanza kumpa pole, nikamwambia nitatafuta gitaa lingine, refu kuliko lile. Akanikata.

"Gitaa wachana nayo. Ulimwambia Mama nini?"

Nikamwambia. Sauti ya chini, nikacheka kidogo.

Hakucheka. Akasema, "Ambani, mimi nilikuwa nimeshamwambia ukweli. Kitambo. Nilimwambia kwa lugha yetu, tukiwa jikoni, akisonga obusuma. Nikamwambia ni muziki ya kunguruma, na watu wanaimbanga kama wamekasirika, na mimi siachi. Akakataa. Nikamwomba akuje asikie mara moja tu. Akasema atafikiria. Unajua Mama akisema atafikiria ni nini? Nilikuwa nangoja. Uliponiambia amekubali, nilijua amemaliza kufikiria."

Mama, sikujua hayo. Hamkuniambia, wala mimi sikuuliza. Nilikuwa nimeshaamua kwamba kwako hakuna mlango, nikapitia dirishani.

Sasa nisikilize. Barua huwa nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandika, lakini kwenye simu tunaongea lugha yetu. Siku ile ya simu nilianza kuongea nawe Kiswahili ghafla, na wewe ukanijibu hivyohivyo. Kwetu Kiswahili ni cha daktari, cha chifu na cha mtu anayeuza kitu. Nilikichagua makusudi. Kwa lugha yetu ungeniuliza swali la pili na la tatu na ningejibu kama mtoto. Nilijua kabisa kwamba ukisikia sauti ya chini utaelewa gitaa la upole, la kuimbia watoto walale. Nami nilikuwa nasema juu ya nyuzi zilizoshushwa, kwa hiyo nikajiambia sijasema uongo. Nilijipongeza. Nilimsimulia hata yule fundi Mreno, naye hakuona cha kuchekesha. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, lakini mimi sijala lolote. Nimelichuma mimi na analila Ayuma peke yake, kwenye kochi la watu.

Bado nina hasira nawe. Sitakudanganya mara ya pili kwa kusema imekwisha. Ungemuuliza swali moja tu kabla ya kumtoa, ungejua. Lakini hasira yangu ni ya mtu mwenye deni la maneno, na haina haki ya kupaza sauti. Mtumie Ayuma ujumbe. Usimwambie nimekuomba. Mwambie tu Jumamosi aje, na usipotaka kusikia huo muziki wake mwambie hutaki, atakuelewa, yeye anajua kungoja.

Nisalimie Senge Rosa na umshukuru kwa kochi lake. Nisalimie Kuka, babu yangu, umwambie soksi za sufu zinakuja. Mwalimu wa kwaya naye msalimie, mwambie gitaa halikuwa limelegea ila asijisumbue moyo. Mke wa mzee wa kanisa, sina salamu zake.

Watu wa pale kibarazani waambie ukweli, kwamba mwongo ni yule wa Ulaya. Ayuma hajawahi kukudanganya hata mara moja, naye ndiye uliyemfukuza. Mimi niliyekudanganya bado unapokea simu zangu na kuniombea kwa jina. Kama ni lazima mmoja wetu asikanyage nyumbani, nipe mimi adhabu hiyo, Mama. Mimi nimeshaizoea.

Mwanao,
Ambani