Tela Yetu Imeacha Kuyumba

Baba Rehema, mume wangu,

Nisamehe kwa kukaa kimya tangu mvua za kwanza mpaka leo. Mdogo anaota meno, hataki kuwekwa chini. Naandika kwa mkono mmoja, mwingine umemshika yeye, kwa hiyo ukiona mstari umepanda mlima, ujue ni mguu wake.

Unakumbuka ulivyonifundisha kuendesha pawatila, hili trekta letu dogo la kushika kwa mikono, kwenye kiwanja cha mpira pale Rusimbi? Tela tupu nyuma, mimi nimejifunga kanga kiunoni. Ulisema, "Tela ikiyumba usikamate breki ghafla. Punguza mwendo taratibu, itatulia." Nikakuuliza, isipotulia je? Ukacheka. Kisha ukapanda treni kwenda kutafuta kazi Tabora, swali ukaniachia mimi.

Maana haikutulia. Tukipakia mikungu ya michikichi kutoka shamba, tela inatupa mkia kushoto na kulia kama mbwa aliyemwona bwana wake. Dawa yetu unaijua, wewe ndiye uliyeianzisha: shangazi yako Mwamvua akae nyuma kabisa, aukalishe mkia. Watu wawili wanamsukuma apande, naye anasema, "Mimi ndiyo nanga yenu. Nikishuka mnazama."

Mwezi uliopita, kwenye mteremko wa kushukia Ujiji, iliyumba mpaka mikungu minne ikaanguka, yote ya jirani yetu Mama Asha. Hakuna aliyeumia, ila lori liliiponda mikungu yote. Mama Asha akashika kiuno. "Mama Rehema, tela yako imelewa. Nakupa safari moja tu. Ikiyumba tena, mzigo wangu natafutia gari." Wenzake wanaotupa mizigo wakamuunga mkono. Nawe unajua, hao wakiondoka, tela inakuwa kitanda cha kuku na sisi hatuna kazi nyingine.

Siku ya safari hiyo, Shangazi alikuwa arusini Katubuka. Nikasema moyoni, leo bila nanga tumekwisha. Lakini tela ikatulia kuliko siku zote. Nikaisimamisha kando ya njia, nikamfungua mdogo mgongoni, nikawa namnyonyesha huku naitazama. Ndipo nikaelewa. Uzito wa nyuma ulikuwa unaunyanyua ule mkono wa mbele unaoshikana na pawatila, na tela ikishakuwa nyepesi mbele, inacheza inavyotaka. Nikapanga mzigo upya, mikungu mizito mbele, myepesi nyuma, nikafunga kamba. Tairi la kushoto lilikuwa limelegea, nikalijaza upepo liwe sawa na mwenzake. Na mwendo nikaupunguza kabla ya mteremko, si katikati yake.

Mama Asha alitufuata na bodaboda, macho kwenye mkia. Tulipofika akashuka, akaizunguka tela nzima. "Imeshika adabu," akasema. "Kesho njoo mapema, nina mingi."

Kazi ikawa kumweleza Shangazi.

"Kwa hiyo, mke wetu, misimu miwili nimekula vumbi la bure?"

"Ndiyo, Shangazi. Na kuanzia leo hakuna mtu kupanda tela, mbele wala nyuma."

Akanuna mpaka alasiri. Kisha akaja mwenyewe kumchukua mdogo ili nilale kidogo. Nililala kama gunia.

Nimechoka, sikufichi. Ila siku hizi nikishuka ule mteremko natamani ungekuwepo uone mkia ulivyonyooka, nikuulize tena lile swali langu.

Kilichobaki ni pini inayoshikisha tela. Imelika, inacheza tunduni. Nimeikaza kwa kipande cha mpira, lakini mpira si chuma. Usiniambie utaleta vitu ukija. Vitume na treni ya wiki hii: pini moja mpya, nene kama dole gumba lako, si langu, kipimo cha upepo wa tairi, tyubu moja, dawa ya fizi ya mdogo, na doti moja ya kanga ya Shangazi, nyeupe kabisa, maana vumbi amemaliza kula.

Mkeo,
Mama Rehema