Kabla Ouma Hajapanda

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya arobaini na saba bila pombe, bila chang'aa. Niliamka, nikachemsha chai, nikashika kikombe kwa mkono mmoja. Kilitetemeka kidogo, hakikumwagika. Hilo ndilo zoezi langu la kila asubuhi. Nikiweza kwa mkono mmoja, siku inaanza. Nikihitaji mikono yote miwili, narudi kitandani mpaka saa tatu.

Daftari hili nilipewa na mshauri wa pale zahanati, Homa Bay mjini. Andika kila siku, akasema, hata mstari mmoja. Miaka kumi na sita nimewaambia watoto wa watu maneno hayo hayo, wakaniandikia insha za "Siku Nisiyoisahau". Sasa ni zamu yangu. Shida ni kwamba mimi nina nyingi nisizozikumbuka.

Shule bado haijanirudisha kazini. Nyumba kimya. Boke mke wangu yuko kwao, Isebania, tangu Agosti. Achieng', binti yetu, alienda naye. Sijazoea. Sitaki kuzoea.

Jua kali. Bonde zima la Lambwe linaangalia mawingu.

Jumatano, 5 Machi

Kikundi cha wanaoacha pombe leo, pale zahanati. Tulikuwa sita. Hakuna aliyekuwa na jipya. Mmoja alilala kwenye kiti, tukamwacha.

Kutoka stejini, gari linaponishusha, kuja nyumbani njia ni moja, nayo inapita mlangoni kwa Min Rose, mama muuza chang'aa. Miaka minane nimekunywa kwake. "Mwalimu, umepotea sana!" akaniita, huku akianika nguo. Ati nimepotea. Nilipokuwa nalala kwenye mtaro wake hakuna aliyesema nimepotea.

Si mtu mbaya. Nilimsalimia nikapita. Mdomo ulijaa mate mpaka nikafika kwangu. Nimechoka na huu mdomo.

Alhamisi, 6 Machi

Ouma alikuja asubuhi. Ni mdogo wangu, nyumba yake iko hapo chini, boma moja. Ana Akinyi mkewe na watoto wanne. Amemaliza kulima kwa ng'ombe. Kipande changu alikilima kwanza, kisha chake. Sikumwomba.

Alikaa kwenye kigoda. Tukaongea habari za ng'ombe. Kisha:

"Mwalimu, mvua iko karibu."

"Naona."

"Shemeji atakuja?"

Nikamwambia nitaona. Akashukuru. Akashukuru kwa lipi, sijui.

Jana nilijaribu kumweleza mshauri jambo hili, yeye ni mtu wa kutoka mbali. Baba na mama tulishawazika. Mimi ndiye wa kwanza. Kwetu hakuna anayetia mbegu ardhini kabla ya kaka mkubwa. Na huyo kaka hatii peke yake. Mkewe awe ndani ya nyumba usiku ule, asubuhi watoke wote wawili na jembe. Mdogo hupanda baadaye. Mke asipokuwepo, hakuna kupanda, boma lote linakaa.

"Na mdogo wako akitangulia tu?" mshauri akauliza.

Hatatangulia. Namjua. Mwaka jana alingoja. Mvua ilinyesha, ikanyesha, mimi nilikuwa nimelala kwenye miwa ya watu huko Migori, siku kumi na moja. Waliponipata, msimu ulikuwa umeshaenda. Tukapanda kwa kuchelewa. Mahindi yalifika magotini yakakauka. Watoto wa Ouma walikula kwa majirani mpaka Desemba, na ilipofika Agosti Boke alifunga mzigo.

Ouma hakunitukana hata neno moja. Heri angenitukana.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani. Mchungaji alihubiri kwamba mambo ya kungojana kupanda ni giza la zamani, tuko huru. Amina, tukasema. Shamba lake mwenyewe liko tupu. Anamngoja kaka yake arudi kutoka Kendu Bay.

Nilimpigia Boke mara mbili. Hakushika. Jioni akaandika: Kuja nikuone kwa macho kwanza.

Nitaenda Ijumaa. Nitampelekea siku hamsini na nane. Sina zawadi nyingine.

Jumanne, 11 Machi

Nimekunywa.

Jumatano, 12 Machi

Siku ya kwanza.

Wacha niandike ilivyokuwa, halafu nisiiguse tena. Jana saa kumi mvua ilikuja. Mvua ya kweli, ya kupiga mabati. Bonde lote lilipiga kelele, watoto wakakimbia nje. Ouma alitoka akasimama katikati ya boma, shati limemganda mwilini. Akaangalia shamba lake. Kisha akaangalia mlango wangu. Mara moja tu, si kwa ubaya.

Nikaingia ndani. Nikatoka kwa mlango wa nyuma.

Min Rose hakuuliza kitu. Alinivutia kigoda. Kikombe cha kwanza kilichoma, cha pili hakikuchoma, cha tatu sikukihisi. Sikuwa na kiu. Sikuwa na huzuni hata. Nilitaka tu, kwa saa moja, kusiwe na mtu duniani anayeningoja.

Leo kikombe cha chai nilikishika kwa mikono miwili na bado kilimwagika. Sikuenda kikundini. Mshauri alipiga simu, nikaiacha ilie.

Majirani wameanza kupanda. Nasikia majembe tangu alfajiri. Kwetu kimya. Mimi ni mtu mjinga sana. Si mgonjwa, leo siandiki mgonjwa. Mjinga.

Ijumaa, 14 Machi

Isebania. Nilibadilisha gari pale Rodi na tena Migori mjini. Malori yamepanga foleni hadi mpaka wa Sirare, vumbi limegeuka tope. Nilivaa koti langu la kusimamia mitihani shuleni.

Mama mkwe alinisalimia kwa mbali, kwa heshima, akaingia jikoni asitoke tena. Achieng' alinipa mkono na kukunja goti, kama anamsalimia mkaguzi wa shule. Amerefuka. Ana miaka tisa na ananiogopa. Nilimuuliza masomo yakoje. Akasema mazuri. Basi.

Boke alikaa mbele yangu, mikono kwenye magoti. Amenenepa kidogo. Kukaa mbali nami kumemfaa.

"Siku ngapi?" akauliza.

"Hamsini na nane."

Ilitoka yenyewe. Nilikuwa nimeibeba tangu Jumapili, ikatoka. Siku ya tatu, hilo ndilo lilikuwa jibu. Tatu. Nilifundisha hisabati pia, darasa la nne.

Aliniangalia muda mrefu. Nilidhani ataniomba nipumue anuse pombe. Hakuniomba.

"Nitakuja Jumanne," akasema. "Nakuja kwa sababu ya Akinyi na wale watoto. Sijarudi, Baba Achieng'. Usiwaambie watu nimerudi."

Nikasema sitawaambia.

Jumamosi, 15 Machi

Nilimwambia Ouma shemeji anakuja Jumanne. Alicheka kwa sauti. Nilikuwa nimesahau meno yake yakoje. Mchana Akinyi akaniletea ugali na omena, wale dagaa wa ziwani, nyanya nyingi, kama kwa mgeni. Sikukigusa. Nilimpa mbwa nikarudisha sahani safi, naye akafurahi kwamba nimekula.

Siku ya nne. Sijamwambia mtu.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua jana, mvua leo. Mahindi ya majirani yameanza kuchungulia. Udongo wetu uko wazi, mweusi, unangoja.

Nimefikiri mpaka kichwa kimechoka. Nikinyamaza, tunapanda, Ouma anapanda, watoto wanakula. Boke anarudi kwao akiamini alimwona mume mzima. Nikisema, anaweza kugeuka hapo hapo mlangoni na begi lake. Halafu ni mwaka jana tena, na safari hii nitakuwa nimefanya nikiwa sina hata pombe kichwani.

Mtu mwenye akili angenyamaza. Lakini nimeishi miaka minane kwa kunyamaza. Asubuhi napiga mswaki mara tatu, naingia darasani, nanyamaza. Najua vizuri kunyamaza kunakonipeleka. Nikinyamaza Jumanne, Alhamisi niko kwa Min Rose. Hilo nalijua kuliko ninavyojua jina langu.

Naogopa. Basi.

Jumanne, 18 Machi

Boke alifika saa tisa. Aliweka begi mlangoni, hakuliingiza. Aliangalia nyumba, akauliza nani alichoma sufuria yake. Akafagia. Nikamwambia nimeshafagia. Akasema hiyo haikuwa kufagia, nilikuwa nahamisha uchafu.

Kisha akachukua ungo, akakaa nje akichambua mbegu. Zilizotobolewa na wadudu kando, nzima kando. Nilikaa naye. Jua lilikuwa bado juu. Nikasema, kabla mdomo haujapata akili:

"Si hamsini na nane. Nilikunywa Jumanne iliyopita. Siku uliyoniuliza ilikuwa ya tatu. Leo ni ya saba."

Mikono yake ilisimama kwenye ungo.

Kuku walikuja wakala mbegu pembeni, hakuwafukuza. Ndipo akaanza, kwa sauti ya chini, Kiswahili kikimchanganyikia na Kikuria. Sikuelewa yote. Niliyoelewa yananitosha.

"Ungeniambia kule kwa mama, nisingekuja. Ungenyamaza mpaka kesho, ningepanda nikaenda zangu bila kujua. Kwa nini sasa? Umeniwekea watoto wa Akinyi mapajani halafu ndiyo unaniambia ukweli! Wewe ni mtu wa aina gani?"

Nikasema sijui.

"Hata mimi sijui," akasema. Alikuwa analia, na hasira zikimzidi kwa sababu analia.

Aliinuka, akaenda mpaka lilipo begi. Akasimama hapo. Huko chini watoto wa Ouma walikuwa wanapigania kamba. Yule mdogo alimwona, akapiga kelele, "Mama mkubwa amerudi!" Wakaja mbio wote wanne.

Boke alijipangusa uso kwa leso. Aliwashika vichwa mmoja mmoja. Walipoondoka aliingiza begi ndani.

"Kesho saa kumi na mbili," akaniambia. "Na Ouma utamwambia wewe. Mimi sibebi hiyo."

Atalala kitandani, mimi kwenye mkeka sebuleni. Mila inadai zaidi ya hapo. Boke amesema paa moja linatosha, na kama kuna mzee wa kwetu mwenye swali, aje amuulize yeye.

Jumatano, 19 Machi

Tumepanda.

Mimi jembe, yeye mbegu. Mbilimbili. Udongo laini, unaingia kwenye vidole. Hakusema neno mpaka mstari wa tatu, akasema mstari umepinda. Nikaunyoosha. Mgongo uliniuma, mikono ikatetemeka, lakini jembe ni zito, linaificha mitetemo. Saa nne tulikuwa tumemaliza vya kutosha kuitwa kupanda. Tukaendelea mpaka kipande kikaisha chote.

Alioga, akavaa viatu. Nilimbebea begi mpaka stejini. Tulipita kwa Min Rose, hakuangalia huko. Mimi niliangalia, mlango ulikuwa umefungwa.

"Utakuja palizi?" nikauliza.

"Tutaona."

Gari likaja. Hakupunga mkono, na sikutegemea.

Jioni nilienda kwa Ouma. Alikuwa anawafunga ng'ombe. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, haraka haraka: Jumanne, ile mvua, vikombe vitatu.

"Najua," akasema. "Nilikuona ukipita nyuma."

Nikamuuliza: "Ulijua, na bado ukangoja?"

Akakaza kamba. "Sasa ningefanya nini, Mwalimu?"

Alisema kwa kuchoka, si kwa hasira. Mtu aliyechoka sana. Nimekuwa nikidhani katika boma hili mimi ndiye niliyechoka.

Tulisimama hapo na ng'ombe mpaka Akinyi akamwita kula.

Alhamisi, 20 Machi

Siku ya tisa. Mshauri alipiga simu asubuhi, nikashika. Nikamwambia. Akasema Jumatano nije. Nitaenda.

Ouma amepanda leo. Walitoka wote mapema, Akinyi na jembe mbele, Ouma na jembe upande wa pili, watoto nyuma wanaangusha mbegu na kufukia kwa nyayo. Yule mdogo alikuwa anaweka tatu tatu, wakamkemea, akaendelea kuweka tatu. Nilitoa kiti nikakaa mlangoni. Walishuka mpaka kwenye ua, wakageuka, wakarudi juu na mstari mwingine, wakashuka tena. Hakuna aliyeniita. Hakuna aliyehitaji kitu chochote kwangu. Nilikaa nikawatazama mpaka walipomaliza.