Gitaa la Kuanzia la Mama Debora

Mwalimu,

Shikamoo. Najua ungeitikia bila kuinua macho kutoka kwenye nyuzi.

Mkeo anajifunza gitaa. Ndiyo, Mama Debora huyu huyu aliyekuwa akikufukuza sebuleni. Jumamosi alikuja kwangu Miyuji akanionyesha vidole vyenye malengelenge. Tangu arobaini yako iishe amekuwa akilishika gitaa lako kimyakimya, na zile nyuzi ulizozipandisha mbali na shingo zinamkata. "Nimebakiza kidogo tu niache," akasema. Akaniomba nimchagulie la kuanzia. Niliogopa, Mwalimu. Nikikosea, ataacha kweli, na ile nyumba itabaki kimya.

Dukani muuzaji alichukua jeusi linalong'aa, akalichomeka kwenye spika kubwa, akatupigia sebene. Mama Debora akaanza kufungua pochi. Nikakumbuka uliponisindikiza kununua langu: ulimwambia muuzaji achomoe waya, ukapiga uzi mmoja, ukaegemeza taya kwenye mbao usikilize inavyotetema, mpaka akadhani unataka kuling'ata. Nami nikachomoa, nikaegemeza taya, watu wakinitazama. Kisha nikaitazama shingo kwa jicho moja. Imepinda. Tukachukua la kahawia lisilo na mvuto wowote, jepesi, lenye nyuzi nyembamba zilizolala karibu na shingo. Sijamwona mtu mwingine mwenye subira ya kusikiliza mbao namna ile. Mimi naiga tu.

Kwenye spika tukabishana. Yeye anataka kubwa kama yako, mimi nimeng'ang'ania ndogo yenye tundu la hedifoni. Nikamtolea maneno yako: "Unataka mtaa mzima usikie makosa yako?"

Akacheka, kisha akalia pale pale kaunta.

"Hayo maneno ni yangu," akasema. "Nilimwambia mimi, mwaka tuliooana, alipoleta spika yake ya kwanza." Akalipia ile ndogo.

Miaka yote hiyo, Mwalimu. Wanafunzi wote tuliopita mikononi mwako ulitufundisha kwa maneno ya mkeo, na hukumwambia. Nilidhani heshima yangu kwako haiwezi kuongezeka tena.

Pumzika. Gitaa lako nimelilegeza nyuzi na kulifunga kwenye mfuko wake, vumbi la huku unalijua. Kila Jumamosi nitakuwa kwenu. Vidole vya Mama Debora vikishakomaa, nitalichomeka lako kwenye ile spika kubwa, nifungue madirisha yote, apige. Na mtaa mzima usikie.

Mwanafunzi wako,
Tatu