Jiwe ya Kijani mu Sanduku ya Samaki

Elisabethville, Katuba,
siku ya Mungu, nyuma ya misa

Kwako Yaya Veronika, mwenye alinibeba ku mugongo,

Jambo yako, Yaya, na jambo ya nyumba yote. Kifua yako iliacha kukusumbua? Na mulamu, bwana yako, mukulu yangu, muguu yake inakanyaga chini muzuri sasa? Miye niko. Mwili iko muzima, ninakula, ninaenda ku kazi. Roho njo haiko muzima.

Barua yako ilifika siku ya ine. Niliisoma mara tatu ku barza ya Patron, bwana wa kazi yangu, na kitambaa ya kufutia vioo mu mukono. Unasema mulimuzika Mama asubuhi, halafu batoto yake bote bakashuka ku ziwa, kila mumoja akatoa jiwe mu mayi kwa mukono yake, mukaziweka juu ya kaburi sawa tulifanya kwa Baba. Unasema pale ku kichwa nafasi moja ilibaki, na bantu balikuwa banaiangalia. Halafu unaniuliza: "Donati, pombe ya Elisabethville iko tamu kushinda mama yako?"

Yaya, ulipiga pale panauma, na haki iko yako. Mara ya kwanza nilikuandikia kama homa ilinikamata. Mara ya pili nikaandika kama gari ya moshi ilijaa. Ilikuwa uongo yote mbili. Leo nitakuambia kweli, na labda utacheka kwanza, juu mambo yenyewe inaanza na samaki.

Patron yangu, yule mupimaji wa barabara mwenye kukaa Bel-Air, alitoka kazi kule kwetu Albertville na bido tatu, ile madebe ya kufunga, yenye kujaa mayi ya ziwa. Ndani mulikuwa samaki kumi na mbili, ile midogo ya kukaa mu majiwe, nyeusi na mukanda ya manjano, yenye sisi tulikuwa tunakamata na kikapo na kutupa, juu haina nyama. Siku zote za safari alikuwa anazipulizia hewa na pompi ya kinga, ile ya kujaza tairi ya baiskeli. Bengine banatoka kule na mbuzi, yeye anatoka na bile tunatupa. Alileta na gunia ya majiwe ya ziwa, mbichi bado, na harufu yake. Nilipofungua ile gunia, nilikaa chini.

Akafanyizisha sanduku ya kioo na chuma, ndefu sawa kitanda ya mutoto, akaiweka mu salon. Akaniita, akasema weye uko mutoto ya ziwa, panga majiwe sawa iko kwenu. Madame, muke yake, akasema nitavunja kioo. Nikavua viatu, nikakunja mikono ya shati, nikaanza.

Sitakuficha, ile kazi niliifanya na furaha. Mara ya kwanza nilimwanga muchanga, nikaweka majiwe juu yake. Kumbe samaki ile inachimba kushinda bantu ya mugodi. Siku mbili tu, jiwe moja ikateleza, ikagonga kioo, Madame akaita batakatifu bote kwa majina. Nikatoa yote, nikaanza tena: majiwe chini kabisa, kubwa inabeba ndogo, halafu muchanga, na katikati tundu na njia, juu kila dume anataka mulango yake. Nilipomaliza nilipiga magoti, nikaangalia ndani. Yaya, ilikuwa ile kona yetu chini ya njia ya misioni, pale Mama alikuwa anafulia. Ilikosa tu miguu yake mu mayi.

Mu mwezi ile ile njo uliandika kama Mama anavimba miguu na anaita jina yangu. Nikaenda kuomba congé, ruhusa ya kuacha kazi nikuye kwetu. Unajua hapa, kama huna karatasi ya patron yako, banakushusha mu gari ya moshi njiani sawa mwizi. Patron akafikiri, akasema: "Samaki izi weye tu njo unazijua. Siku nitaona batoto yao bazima, utaenda kwenu mwezi muzima." Akanipa mukono. Haiko muntu mubaya, sitamusingizia.

Utakumbuka ile samaki inazaa namna gani. Samaki mama anachukua mayai mu kinywa, anafunga, hakuli vizuri majuma na majuma, mpaka batoto bapate nguvu. Na utakumbuka, tukikamata moja yenye kidevu imevimba, Mama alikuwa anasema: "Ule iko na batoto mu kinywa. Murudishe." Tunanung'unika, tunarudisha. Basi, samaki moja ya Patron ilifunga kinywa. Iliingia chini ya jiwe moja ya bapa, yenye mustari mweupe, ikakaa pale. Kila asubuhi nilikuwa naisalimia mbele ya kusalimia Madame. Nilisema majuma mbili tena, niko mu gari ya moshi.

Jirani yangu, Baba Mukalayi, mwenye anachoma shaba ku usine, ile kiwanda ya shaba, alisikia habari ya safari. Akaniletea jiwe ya kijani, ile yenye mistari mistari sawa mbao iliyopigwa randa. Hapa kila nyumba iko na moja juu ya kabati. Akasema umupelekee mama yako, aone sisi tunakanyaga juu ya nini. Niliiosha na sabuni, nikaifunga mu karatasi. Nilikuwa naona Mama anaigeuza-geuza na kuuliza kama inakulwa.

Sasa, siku moja Patron akasema mukubwa yake anakuya kula chakula kesho na kuona samaki, na upande ya kushoto mu sanduku iko wazi, inaharibu uzuri. Majiwe ya ziwa ilikuwa imekwisha. Yaya, nani alinituma? Nilikimbia mpaka Katuba, nikaleta jiwe ya Mama. Nikasema itakaa siku moja mbili mu mayi, halafu nitaitoa. Patron alipoiona alipiga mikono. Mukubwa alikuya, alisifu sana ile jiwe, na miye nilisimama ku mulango nimevimba kichwa. Jiwe ikabaki ndani.

Kesho yake samaki zilipanda juu, zinahema. Nilibadili mayi nusu, jiwe nikaiacha. Siku ya kufuata zilianza kulala upande, moja moja. Siku ya tatu ilibaki ile mama peke yake, kinywa imefungwa. Nilimutia mu beseni ya mayi safi. Akafungua kinywa, batoto bakatoka, saba, bote na macho. Nikaita Patron, nikamuonyesha. Akainama juu ya beseni, akasema pole pole: "Donati, nilisema batoto bazima." Na kweli, balikuwa banageuza tumbo juu, mumoja nyuma ya mwingine. Mama yao alikuwa amekwisha kufwa.

Nilipofika nyumbani, Baba Mukalayi aliuliza juu ya nini sili. Nikamueleza yote. Akashika kichwa. "Ile jiwe njo shaba yenyewe, mwanangu. Pale mayi ya shaba inapita, umekwisha kuona chura? Bote tunajua." Bote banajua. Miaka tano niko mu muji ya shaba, na sikuuliza muntu, juu miye nilikuwa mwenye kujua samaki.

Majuma mbili ikapita, barua yako ikafika. Nilihesabu. Ile siku Mama alikufwa, ningekuwa siku yangu ya ine pale ku mukeka yake. Unaandika kama alikuwa anauliza kila mara nani anafungua mulango. Yaya, miye njo nilifunga ile mulango, kwa zawadi yake mwenyewe. Kulia nimelia, hata mbele ya Madame.

Congé, Patron anasema tutaongea nyuma ya mvua. Aliniambia nitupe majiwe yote. Nilitupa, lakini mbili nilibakiza. Filipo, mutoto ya Mama mudogo, mwenye kazi ku gari ya moshi, atakuletea mufuko ya unga. Ndani hamuna unga. Muko ile jiwe ya bapa yenye mustari mweupe. Ni ya ziwa yetu, usiogope. Niliisugua na muchanga, nikaichemusha mara mbili, shaba isibaki. Najua desturi, mutoto anatoa jiwe yake mu mayi kwa mukono yake. Miye mukono iko huku. Basi, uishushe pale Mama alikuwa anafulia, ilale mu mayi yake siku moja, halafu uitoe, useme mbele ya bantu: hii ni ya Donati. Uiweke ku kichwa. Ile ya kijani iko chini ya kitanda yangu. Sijui nitaifanya nini.

Unisalimie mulamu na muguu yake. Unisalimie Mama mudogo Agata, mwenye alimufunga Mama macho. Umwambie namushukuru kwa magoti. Unisalimie na bantu bote benye balichimba kaburi. Na batoto yako, bakienda ku majiwe na kikapo, bakakamata samaki yenye imefunga kinywa, ubaambie barudishe. Basiulize juu ya nini. Ni neno ya nkambo yao, mama yetu.

Miye mudogo yako, mwenye hakufika,

Donati