Nilivyoosha Kibuyu cha Kogo

Shuleni, karibu na Silibwet
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu za mwanao ambaye hajakusahau, hata kama simu yake inapatikana siku moja na kupotea siku tatu. Goti lako la kushoto linasemaje? Yule ng'ombe mwekundu ameshazaa? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku kwenye majani chai ina kiburi: nafua sweta Jumatatu, inakauka Alhamisi. Faith, najua ni wewe unayemsomea nyanya barua hii. Soma pole pole, na usiruke mstari hata ukiona jina lako.

Mama, juzi uliniuliza kwa simu kama Kogo amekubali Faith aje kusoma hapa, nikasema sauti yako inakatika. Nilikudanganya, nisamehe. Sauti ilikuwa safi kabisa. Niliona aibu tu.

Masharti unayajua. Nikimaliza muhula mmoja wa majaribio ya umatroni bila kuharibu kitu, mtoto wangu ataruhusiwa kuja kusoma hapa na kulala bwenini. Tangu Faith awe na miaka mitatu namwona Krismasi kwa Krismasi, na kila Krismasi nakuta viatu nilivyomnunulia ni vidogo. Kwa hiyo nilikuja hapa nikiwa na bidii ya kupita kiasi, na hiyo bidii ndiyo iliyoniponza.

Kogo ndiye mwenye shule. Ni mwalimu mstaafu, na kwa Kikipsigis jina hilo ni nyanya, lakini hata wazazi wenye ndevu wanamwita hivyo. Shule ilianzia sebuleni kwake. Alichukua wasichana saba waliotoka mbali, wakalala chini ya meza na juu ya makochi, na mumewe akahamishiwa stoo pamoja na mbolea. Mzee alinung'unika mwezi mzima, kisha akashika jembe na kung'oa nusu ya chai yake ili ajenge bweni la mabati. Majirani walimcheka wakachoka: mtu mzima anang'oa chai apande watoto!

Sasa, wale saba walipoanza kulilia kwao, Kogo aliwapa mursik, maziwa ya kuganda, kutoka kwa kibuyu alichopewa na mama yake alipoolewa. Wakanyamaza. Tangu hapo, kila msichana mpya akiripoti anakunywa funda moja kutoka kwa kibuyu hicho hicho, ndipo anahesabiwa kuwa mtoto wa nyumba. Hayo yote mimi sikuyajua. Mimi niliambiwa tu, siku moja kabla ya kufungua shule, "Matroni, andaa vyombo."

Nikakiona kibuyu kimening'inia nyuma ya mlango wa stoo. Ndani ni cheusi tititi, kinanuka moshi. Nikasema moyoni, hawa watu wananyweshaje watoto humu? Nikamimina maji ya moto, sabuni ya unga na kokoto, nikatikisa mpaka mabega yakauma. Maji meusi yalitoka, yakatoka, hadi yakawa meupe. Nikakianika juani, nikajipongeza.

Koech, mpishi wetu, alikuja na kuni, akaziangusha zote. "Matroni! Umeosha kipuyu ya Kogo? Hiyo haikuwa uchafu, ilikuwa tawa!"

Mama, kumbe ule weusi, hiyo "tawa" yake, yaani dawa, ni mkaa wa mti maalum unaosuguliwa ndani ili maziwa yasiharibike na yapate ladha. Mkaa wa miaka yote ile, na mimi nimeumwaga kwenye mtaro. Kogo aliitwa. Alikinusa kibuyu, akaketi kwenye kigoda. Nililia mbele ya watu bila haya. Niliona Faith akinipotea.

"Huko kwenu maziwa mnaweka kwa chombo gani?" akaniuliza mwishowe.

"Kwa sufuria, Kogo."

"Sufuria," akasema, kama mtu aliyepewa habari ya msiba. "Basi kesho tutaenda kutafuta senetwet. Uliyetoa ndiye utarudisha."

Senetwet ni huo mti, una maua ya manjano. Nilikata matawi, nikayakausha, nikayachoma, na kila asubuhi nikasugua kibuyu kwa kijiti huku Koech akinisimamia kama polisi. Maziwa ya kwanza yalikuwa na sabuni, tukayamwaga. Ya pili pia. Wasichana wapya walikuwa wamesharipoti, na mmoja, Cheptoo wa kutoka Chebunyo, alikataa kufungua sanduku lake. Dada yake alisoma hapa, akamwambia usipokunywa wewe ni mgeni tu. Wiki tatu alitoa nguo moja moja na kufunga kufuli tena. Kila nikisikia kufuli hiyo, nilitamani ardhi inimeze.

Ijumaa iliyopita Kogo alionja, akatafuna midomo, akasema, "Sasa hii inakaribia kuwa maziwa." Wapya wakapanga mstari. Cheptoo akanywa, akafumba macho, akakimbia bwenini, na nikasikia sanduku likifunguliwa pwaa! Nilikuwa naanika vikombe Kogo aliponiita. "Wewe unaenda wapi? Kunywa. Nani alikuambia ni ya watoto peke yao?" Nikanywa. Ni machachu, Mama, yana moshi, na nilitaka funda jingine. Akafuta mdomo wa kibuyu kwa kiganja. "Muhula ujao ulete huyo wako. Na umwambie asije na sabuni."

Kwa hiyo nakuomba, Mama, na najua ninachokuomba ni kikubwa: niachie Faith. Wewe ndiye uliyemlea, na nyumba itakuwa kimya. Likizo zote ni zako, sitaiba hata siku moja.

Nisalimie kaka Joram, fundi wa baiskeli, na shangazi Berita wa kwaya. Huku hawajui kuimba sauti ya tatu kama yeye. Mchungaji mwambie nimesikia mahubiri ya Kikipsigis na nimeelewa "amina".

Ukimfungashia Faith, ile sweta yake ya kijani anayovaa akikaa nawe jikoni, tafadhali usiifue. Iache hivyo hivyo na moshi wako. Nami sitaiosha.

Ni mimi mwanao, matroni wa bweni la mabati,
Selina